Alama Kumi na Mbili Nyekundu

Kwa Nthenya, Jumamosi haikuwa siku ya kulala hadi jua limchome usoni. Ikifika saa moja na nusu alikuwa amekwisha kunywa chai, ameosha vikombe, na anamfuata mama yake kutoka Mutuini hadi Dagoretti Corner, kwenye karakana ya Bwana Navnit. Wenzake wa darasa la saba walidhani anakwenda kucheza. Wangejua kwamba asubuhi nzima alikuwa akichambua skrubu kwa ukubwa na kuzipanga kwenye mikebe, wasingemwonea wivu hata kidogo.

Mama yake, Kavata, alikuwa fundi wa umeme. Hakupanda nguzo wala hakutengeneza redio. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyaya ndani ya makabati ya chuma yanayoendesha mashine za viwandani, yale ambayo mafundi huyaita paneli. Ukifungua mlango wa paneli iliyofungwa na Kavata, ungekuta nyaya zimenyooka na kulala pamoja, kila mmoja una namba yake huku mwanzo na kule mwisho. Wateja wapya walizoea kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. "Ametoka," Kavata aliwajibu, "nimebaki mimi." Kisha aliendelea na kazi.

Karakana hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo ingewashangaza wengi. Juu ya meza ya kazi, kati ya koleo na bisibisi, palikuwa na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu. Ilikuwa ya Bi Manjula, mke wa Bwana Navnit. Miaka mingi iliyopita mumewe aliichukua nyumbani bila ruhusa, na Bi Manjula alipochoka kuidai akawa anamletea nyingine kila ilipoisha. Fundi akishaingiza waya mahali pake, alikaza skrubu kwa bisibisi, kisha akaushika waya kwa vidole viwili na kuuvuta. Usipotoka, ndipo alipopaka tone moja la rangi juu ya skrubu.

"Kaza, vuta, paka," Bwana Navnit alipenda kusema. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. "Hiyo rangi ni neno lako. Unaambia mtu ambaye hujawahi kumwona kwamba hii waya imeshika. Ukipaka kabla ya kuvuta, umemdanganya, na yeye hawezi kukuuliza."

Hakuwa akitania. Mwaka uliotangulia, 2005, fundi mmoja aitwaye Ken alipaka safu nzima bila kuvuta. Bwana Navnit aligundua kabla paneli haijatoka, akampa mshahara wake na kumwambia asirudi tena. Nthenya alikuwepo siku hiyo. Alimwona Ken akivuka barabara na begi lake la vifaa, akaogopa kwa niaba yake.

Jumamosi tunayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa bado haijaamua kwenda zake. Paneli iliyokuwa mezani ilikuwa ya kuendesha mashine ya kukandia unga katika kiwanda kidogo cha mkate cha Bwana Wahome, kule kule Mutuini, kando ya njia ambayo Nthenya alipita kwenda shule. Ilikuwa ichukuliwe jioni hiyo. Kavata alikuwa amebakiza safu moja tu ya chini, ukanda wa shaba wenye skrubu kumi na mbili.

"Leo nataka ufunge hizi wewe mwenyewe," alimwambia binti yake. "Umenitazama vya kutosha. Paneli haina umeme hapa mezani, haiwezi kukudhuru."

Nthenya alishika bisibisi kabla mama hajamaliza kusema. Nyaya zote kumi na mbili zilikuwa za kijani zenye mstari wa manjano.

"Unajua kazi ya hizi?" mama aliuliza.

"Ni za ardhi."

"Ndiyo, na kazi yake?"

Nthenya alikuna kichwa. Kavata akaushika mmoja na kumwonyesha. "Nyaya nyingine zote zinafanya mashine izunguke. Hizi hazizungushi kitu. Umeme ukivuja ukagusa chuma cha mashine, waya huu unaubeba mpaka ardhini na swichi inajizima yenyewe. Waya huu ukiwa umelegea, mashine itaendelea kufanya kazi vizuri tu. Haitapiga kelele, haitatoa moshi. Umeme utakaa pale kwenye chuma ukingoja mtu aguse."

Nthenya alisikia kila neno. Hata hivyo alikuwa na jambo jingine kichwani. Debra, jirani yao na rafiki yake wa dawati moja, angepita na shangazi yake saa nane kamili, waende mjini hadi Uhuru Park kupanda mashua na kula aiskrimu. Nthenya alikuwa ameisubiri safari hiyo tangu wiki ya kufungua shule.

"Mama, nikimaliza hizi naenda?"

"Ukimaliza vizuri," Kavata alisema. Wakati huo Bwana Navnit alimwita mbele, akazungumze na mteja kwenye simu, naye akatoka.

Skrubu ya kwanza Nthenya aliikaza, akavuta, akapaka. Ya pili vivyo hivyo. Alifanya tano kwa uangalifu ambao ungemfurahisha hata Bwana Navnit. Kisha akatazama saa ya ukutani: ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Kila mara alipaswa kuweka bisibisi chini, kufungua chupa, kupaka, kufunga chupa, kushika bisibisi tena. Ndipo akapata wazo. Kwa nini asiingize nyaya zote saba zilizobaki, azungushe skrubu kidogo kwa vidole zisianguke, azipake rangi zote kwa mkupuo mmoja, halafu azikaze rangi ikikauka?

Uvivu una hila: mara nyingi humjia mtu ukijiita werevu. Nthenya alipaka matone saba. Yalimeta vizuri, yakafanana kabisa na yale matano ya kwanza. Alipoinua bisibisi aanze kukaza, akasikia mtu akigonga lango la mabati.

"Nthenya! Tunakuacha!"

Aliweka bisibisi chini. Alimtazama mama yake mlangoni, bado na simu sikioni, akasema maneno mawili ambayo angeyakumbuka siku zote.

"Mama, nimemaliza!"

Kavata aliinua kidole gumba, na Nthenya akakimbia.

Uhuru Park ilikuwa imejaa watu wa Jumamosi. Mashua zilizunguka bwawa, watoto walipiga kelele, na Debra alijimwagia aiskrimu kwenye sketi akacheka mwenyewe. Nthenya naye alicheka, lakini mara kwa mara kicheko kilikatika. Mama atakagua, alijiambia. Mama hukagua kila kitu. Akiona zimelegea atazikaza, na kesho nitakemewa, basi.

Jioni aliporudi Mutuini alimkuta mama yake akikaanga sukuma wiki. Paneli ilikuwa imekwishachukuliwa.

"Uliangalia zile za kijani?" Nthenya aliuliza, akijifanya anatafuta chumvi.

"Niliangalia. Zote kumi na mbili zina rangi. Anko Navnit akazipima na mashine yake ya kupimia, zikasoma sawa, akasaini." Kavata aligeuka akatabasamu. "Amesema una mkono mzuri. Amesema mkono umeurithi kwangu. Kwani vipi?"

Hapo palikuwa na nafasi, tena pana. Nthenya angesema tu, "Mama, saba sikuzikaza," na Bwana Wahome angepigiwa simu usiku uo huo. Lakini sifa ni tamu, na mtu aliyetoka kusifiwa hapendi kujivua sifa mwenyewe.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema.

Jumapili mafundi wa Bwana Wahome waliiweka paneli ukutani na mashine ikaanza kazi. Jumatatu asubuhi Nthenya aliisikia kabla hajaiona. Ilitoa mngurumo mzito, wa polepole, uliotoka dirishani pamoja na harufu ya hamira. Alipunguza mwendo. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na ndani alisimama Dalmas.

Dalmas ndiye aliyekanda unga na kuosha mashine. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na minane, mpole, mwenye mzaha kwa kila apitaye. Mtaani walimwita Baba Ajwang kwa sababu ya binti yake mchanga, ambaye alimtaja katika kila sentensi ya tatu. Alikuwa amevaa sandali za plastiki, mpira wa maji mkononi, sakafu yote imelowa.

"Sasa, Nthenya?"

"Poa, Baba Ajwang."

"Hebu ambia mama yako hii mashine ni noma! Ya zamani nilikuwa nasukuma kwa mkono. Hii nabonyeza kitufe, inakanda, mimi nakaa nafikiria Ajwang."

Nthenya alitabasamu kwa shida. Macho yake yalishuka hadi miguuni mwa Dalmas, kwenye maji, kisha yakapanda hadi kwenye mashine ya chuma iliyokuwa ikitetemeka. Skrubu iliyolegea, mama yake aliwahi kumwambia, huzidi kulegea kwa mtetemo. Alikwenda shule, na siku hiyo hakusikia hata neno moja la somo la sayansi.

Jumanne Dalmas alimwita kwa mkono, akicheka.

"Unajua hii mashine yenu ina mchezo? Kila nikiigusa asubuhi inanitekenya. Hapa kwa vidole. Nimeambia Wahome, anasema ni mpya, bado ina nguvu nyingi."

"Inakutekenya vipi?"

"Kidogo tu. Kama inanisalimia."

Nthenya alijua maana yake. Alijua kuliko Bwana Wahome, kuliko Dalmas mwenyewe. Umeme ulikuwa unavuja. Ulikuwa umefika kwenye chuma, na waya wa kuubeba haukuwa umeshika.

Usiku huo mvua ilipiga mabati hadi asubuhi. Jumatano alipopita, dimbwi lilikuwa limeingia hadi ndani ya kiwanda, na Dalmas hakuwa akicheka sana. Alikuwa akikunja na kukunjua mkono wake wa kulia.

"Leo imenisalimia hadi kwa kiwiko," alisema.

"Baba Ajwang, kwa nini huvai gambuti? Vaa buti za mpira," Nthenya alisema haraka. "Sakafu ina maji. Utapata mafua."

"Mafua!" Dalmas alicheka. "Haya, daktari. Nitanunua mwisho wa mwezi."

Hilo ndilo onyo alilompa. Alitoa onyo la mafua kwa mtu aliyesimama ubavuni mwa kifo, kwa sababu onyo la kweli lingemlazimu kueleza alilijuaje. Ukweli ulikuwa umefika mdomoni, naye akaumeza pamoja na mate.

Jioni aliapa kwamba atamwambia mama. Alikaa karibu na jiko, akangoja. Lakini Kavata alikuja na habari zake, tena akiwa na furaha ambayo Nthenya hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

"Unajua Anko Navnit amenipa nini? Paneli ya pampu za maji kule Loresho, za mtaa mzima. Niifunge mimi, jina langu liandikwe mlangoni. Miaka tisa nimengoja siku hii, Nthenya."

Akilini Nthenya alimwona Ken akivuka barabara na begi lake. Akamwona mama yake akivuka vile vile. "Hongera, Mama," alisema, akaenda kulala bila kula. Alilala macho wazi akisikiliza mvua.

Alhamisi mvua ilikuwa imekatika lakini mbingu ilikuwa imeinama, nyeusi. Nthenya aliondoka nyumbani mapema baada ya mama yake kwenda kazini. Alikusudia kupita njia ya nyuma ili asikione kiwanda. Miguu ikampeleka kule kule.

Mngurumo haukusikika. Dalmas alikuwa amechuchumaa mlangoni, mbele yake pamelala paka wa kiwandani. Paka huyo aliitwa Inspekta, kwa kuwa kila asubuhi alikagua magunia ya unga moja baada ya jingine, akitafuta panya. Alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imenyooka, manyoya yamelowa.

"Nimemkuta pale chini ya mashine, kwa maji," Dalmas alisema kwa sauti ya chini. "Nafikiri alikula panya mwenye sumu. Maskini. Ajwang alikuwa anampenda."

Nthenya alitazama pale alipoonyesha. Dimbwi lilizunguka miguu yote minne ya mashine. Sasa hakuweza kujidanganya tena. Umeme uliokuwa ukingoja kwenye chuma ulikuwa umempata wa kwanza.

"Haya, kazi," Dalmas alisema akisimama. "Unga umelala ndani tangu alfajiri, umeshika pande zote. Lazima nitie mkono nikwangue kabla niiwashe." Alivua shati na sandali, akakunja suruali, akaanza kutembea ndani ya maji kuelekea kwenye sufuria kubwa ya chuma ya mashine.

"Usiguse!"

Sauti ilimtoka Nthenya kwa nguvu ambayo hakujua anayo. Dalmas alisimama, mguu mmoja hewani. Mlango wa ofisi ulifunguka, na Bwana Wahome, mwenye kiwanda, akatoka na kalamu sikioni. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka siku zote.

"Nini tena hapa? Huyu mtoto si anafaa kuwa shule?"

"Mashine ina umeme," Nthenya alisema. "Ndiyo iliyoua Inspekta. Toka kwa maji, Baba Ajwang. Tafadhali toka!"

"Umeme gani? Imezimwa!" Bwana Wahome alisema. "Wee mtoto, nina mkate ya shule tatu hapa. Hiyo paneli ilipimwa. Bwana Navnit mwenyewe alinifungulia, akanionyesha rangi nyekundu kila mahali. Kila waya imekazwa."

"Haijakazwa."

"Wewe unajuaje?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia siku nne. Sasa lilisimama mbele yake na halikuwa na njia ya nyuma. Alimtazama Dalmas, miguu yake mitupu ndani ya maji, akafungua mdomo.

"Rangi nilipaka mimi," alisema. "Nilipaka kabla ya kukaza. Saba sikuzikaza kabisa. Nilikuwa na haraka ya kwenda Uhuru Park, nikamdanganya Mama kwamba nimemaliza."

Dalmas alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, polepole, hadi akafika mahali pakavu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Bwana Wahome alipiga hatua kuelekea kwenye paneli, mkono umenyooshwa.

"Usishike kabati!" Nthenya alilia. "Ile swichi kubwa ya ukutani, kule nyuma, kwenye sakafu kavu. Zima ile."

Mtu mzima yule, mwenye kiwanda, alimtii mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alizunguka nyuma, akashusha swichi kubwa, taa zote zikazimika. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia Bwana Navnit.

Walifika baada ya saa moja kwa pikapu, Bwana Navnit na Kavata. Kavata alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Alimtazama binti yake mara moja tu, na Nthenya akaona afadhali angechapwa.

Bwana Navnit naye hakukimbilia paneli. Alikwenda kwanza kwenye swichi kubwa. Alihakikisha imeshuka, akaitia kufuli, akatundika kadi iliyoandikwa "Mafundi wako kazini, usiwashe", akatia ufunguo mfukoni mwa shati.

"Hata ukiwa na haraka gani, ufunguo ninao mimi," alimwambia Bwana Wahome. "Hakuna mtu ataniwashia nikiwa na mkono ndani."

Alipima kwa testa hapa na pale, hadi akaridhika kwamba umeme haupo. Ndipo alipofungua mlango wa paneli. Matone kumi na mawili mekundu yalikuwa pale pale chini, yamekauka, yote yamefanana. Alivaa miwani akayatazama kwa muda.

"Onyesha zile saba," alisema.

Nthenya alitazama na hakuweza. Alijua tano za kwanza zilianzia upande mmoja, lakini sasa, kwa machozi na hofu, hakukumbuka kama ni kushoto au kulia. Rangi ilisema zote zimekazwa.

"Huwezi, ndiyo? Mimi pia siwezi. Hata mama yako hakuweza." Mzee alisogea pembeni. "Vuta. Moja moja."

Nthenya alivuta wa kwanza kutoka kushoto. Ulishika. Wa pili ukashika, wa tatu, wa nne, wa tano. Alipovuta wa sita, ulimfuata mkononi bila ubishi. Wa saba hakuuvuta. Aliugusa tu ukaanguka. Ncha yake ya shaba ilikuwa imeungua, nyeusi.

"Huu ndio wa mota ya kukandia," Kavata alisema, sauti yake kavu. Kisha akapima mota yenyewe na kutikisa kichwa. Maji ya kuoshea yalikuwa yameingia ndani, umeme ukapata njia ya kutokea hata mashine ikiwa imesimama, kwa kuwa kitufe chake hakikati umeme wote. "Maji haya yangeingia siku yoyote, kwa mashine yoyote. Waya huu ungekuwa umeshika, swichi ingejizima siku hiyo hiyo, na sisi tungeitwa kukausha mota. Basi."

"Mashine yangu ya kupima ilisoma sawa," Bwana Navnit alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Kwa nini? Kwa sababu waya iliyolegea inagusa bado, siku ya kwanza. Kipimo hakiwezi kujua kama imekazwa. Vidole ndivyo vinajua." Alimgeukia fundi wake. "Mama Nthenya, uliona rangi. Ulivuta?"

"Sikuvuta," Kavata alisema. "Niliona ni kazi ya mtoto wangu, nikaona fahari. Nikafunga mlango."

"Na mimi nilisaini, na sikuvuta. Ken nilimfukuza kwa kosa la mtu mmoja. Hapa tuko watatu, na mmoja ni mimi mwenyewe." Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Kuanzia leo, anayepaka rangi si yeye anayekagua. Mwingine atavuta kila waya upya, hata kama ni kazi ya mke wangu. Ile ya Loresho utaifunga wewe, Mama Nthenya, na mimi nitavuta nyuma yako. Na wewe, msichana, utarudi karakana, lakini bisibisi hutashika mpaka nikwambie."

Nthenya aliitikia kwa kichwa. Alitaka kufarijika, kwa sababu mama yake hakufukuzwa, na Dalmas alikuwa mzima. Lakini Dalmas alikuwa ameketi juu ya gunia, akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Sasa alimwita.

"Jumatatu nilipokusalimia, ulijua?"

"Nilijua."

"Juzi, nilipokuambia inanitekenya?"

"Nilijua, Baba Ajwang."

"Na jana, ile maneno ya gambuti na mafua?"

Nthenya alilia kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Skrubu, sawa," Dalmas alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mimi pia nasahau chumvi, tunatupa mkate, tunakanda tena. Lakini siku nne ulinitazama nikiingia kwa maji. Ajwang ana miezi minane. Hangenikumbuka hata sura."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ulipiga kelele kabla sijagusa, na sitasahau hiyo pia. Lakini usiniulize leo kama nimesahau. Bado."

Alisimama, akachukua jembe nyuma ya mlango. Kavata alimfunga Inspekta kwenye gunia tupu la unga, akampa Nthenya ambebe. Wakaenda nyuma ya kiwanda, penye migomba, ambapo udongo ulikuwa umelainishwa na mvua. Dalmas alichimba. Haikuchukua muda. Nthenya alipiga magoti, akamweka paka chini kwa mikono yake mwenyewe.

Kavata alikuwa amesimama nyuma yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Litazame vizuri hilo shimo, Nthenya. Ni dogo, limechimbwa na mtu mmoja kwa dakika kumi. Ungenyamaza dakika moja zaidi, leo tungekuwa tunatafuta watu wa kuchimba jingine, na huyu anayechimba ndiye angelala ndani." Alimwinua binti yake kwa mkono, akampangusa udongo magotini. "Ukikosea, mwanangu, useme siku ile ile, hata kama ni mimi nitakayepoteza kazi. Kazi mimi nitatafuta nyingine."

Dalmas alianza kurudisha udongo. Nthenya akainama, akausukuma pamoja naye.